Bwana Mhandisi Hajaoa

Bwenini
Tarehe 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujauliza: ndiyo, ninakula, na hapana, sijafungua kitu cha mtu tangu ile kesi ya pasi ya matroni. Pasi ilikuwa mbovu kabla sijaigusa, na nilipomaliza kuigusa ikawaka, lakini adhabu nilipewa vilevile.

Sasa nisikilize. Shule imeletewa kompyuta ishirini, mpya, bado ziko kwenye nailoni zake. Zimewekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya michezo. Wamekipaka rangi, wakatia kufuli mbili mlangoni. Mwezi wa nne linaanza darasa la kompyuta, kila kiti na mashine yake, na atakayeingia humo ndiye atakayeendelea na fizikia na hesabu za juu mpaka mwisho wa shule. Asiyeingia anapelekwa uhazili. Kuingia ni kwa mtihani, na mtihani ni wa wavulana.

Hakuna aliyetamka hivyo. Tangazo la ubaoni limesema tu "vijana wa kidato cha pili". Nikaenda kujiandikisha. Mwalimu wa zamu akanitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe si kijana, wewe ni binti." Darasa zima limecheka mpaka leo, na sasa nikipita wananiita Kijana.

Jana mstarini Mkuu wa shule aliuliza nani ana ndugu anayejua mambo ya kompyuta, kwa sababu hapa hakuna mwalimu wa kuutunga huo mtihani. Nikanyoosha mkono. Nikasema ndugu yake baba ni mhandisi, ndiye aliyeandika programu ya taa za barabarani za jiji. Alifurahi mno, akaandika anwani yako ya kazini kwenye kiganja chake. Atakuandikia. Tafadhali kubali, halafu umwambie habari zetu sisi wasichana.

Mtiifu wako, kwa kadiri inavyowezekana,
Bisibisi

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Tarehe 9 Februari

Kwa Bwana Mhandisi,

YAH: OMBI LA KUTUNGA MTIHANI NA KUZINDUA DARASA LA KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkuu wa shule anayosoma binti wa ndugu yako. Mtoto huyo amenieleza kuwa wewe ndiye mtaalamu wa taa za barabarani za jiji. Nijapo huko kwa mikutano husimama kwenye taa za njia panda ya hospitali, na sikuwahi kuwaza kwamba nyuma ya taa zile kuna mtu aliyekaa akapanga. Hongera sana, Bwana. Ile ni kazi ya kiume.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, ututungie mtihani wa kuwachagua vijana ishirini. Pili, uje mwenyewe kulizindua darasa na kuwasemesha, wapate mfano wa kuigwa.

Utafikia kwa mwalimu wa michezo, ambaye bado ni kapera na nyumba yake ina nafasi. Ukija na mkeo, walimu wa kike watampokea na kumtembeza bustanini wakati sisi tukiendelea na shughuli. Naomba unijulishe kama umeoa, kwa ajili ya maandalizi ya vitanda.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mkuu wa Shule

Mjini
Tarehe 15 Februari

Bisibisi mwanangu,

Marahaba. Nimeitwa Bwana. Barua ya mkuu wako niliisoma nimesimama kwenye korido ya ofisi, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikafika kwenye "kazi ya kiume", na kicheko kikaishia hapo.

Najua hukudanganya. Ulisema "ndugu yake baba", ukasema "ndiye aliyeandika", na lugha yetu haikumwambia zaidi ya hapo. Yeye, aliandika, atakuja: hakuna hata neno moja lililomlazimisha kufikiri mwanamume. Alikuwa na nafasi ya kuuliza, akaona hakuna haja.

Basi na wewe usimwambie. Sikutumi kusema uongo. Akikuuliza kama mimi ni mwanamke, mjibu ndiyo, na umtazame usoni. Ila hatauliza.

Nitakuambia kwa nini nataka iwe hivyo. Tangu nianze kazi hapa, nikitoka kwenye chumba cha mikutano kufuata karatasi, nikirudi nakuta mazungumzo yamekatika na watu wanatazama dirishani. Siku zote nimetaka kujua huwa wanasema nini. Sasa amepatikana mtu wa kuniambia, kwa mkono wake na kwa stempu yake mwenyewe. Mwache aseme.

Mume wangu anauliza kama na yeye atatembezwa bustanini.

Shangazi yako

Idara ya Mifumo
Tarehe 16 Februari

Mkuu wa Shule,

Nashukuru kwa barua yako na kwa heshima uliyonipa. Kutunga mtihani nakubali, na kuja nitakuja. Kuhusu vitanda: sijaoa, wala sitegemei kuoa.

Kabla sijashika kalamu nataka kujua ninawatungia nani. Binti wa ndugu yangu ameniandikia kwamba wasichana hawatafanya mtihani huu. Naomba unieleze sababu, na unieleze bila kunipaka mafuta. Kazi yangu ni kuandika maagizo, na maagizo yasiyojua sababu zake huharibika mapema.

Mhandisi

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Tarehe 24 Februari

Ndugu yangu Bwana Mhandisi,

Barua yako imenifurahisha. Unaandika kwa mkato, kama mwanamume mwenye kazi nyingi. Na mimi basi niache mambo ya "yahusu" tuzungumze.

Kwanza hilo la kutooa. Usiseme hutegemei, Bwana. Najua wataalamu mnaoa kazi mpaka mnasahau nyumba, lakini dawa ipo. Hapa nina mwalimu wa ushonaji, mtu mtaratibu, mcheshi, anajua kutunza. Ukija nitawakalisha meza moja, mengine utajua mwenyewe.

Sasa wasichana. Mbele ya wazazi nisingesema hivi, lakini sisi wanaume tuambiane ukweli. Wasichana wana bidii, wanatunza madaftari, wanasikia wakiambiwa. Kukariri hawana mpinzani. Lakini kompyuta inataka mtu wa kung'ang'ana na kitu kinachokataa, na msichana kitu kikikataa hulia au huita mtu. Halafu hata akifaulu, je? Tumfundishe tukijua ataolewa, atazaa, na kiti chetu kitakuwa kimepotea bure? Viti ni ishirini tu. Ningekuwa na mia ningewapa hata wapishi.

Wala sisemi kwa chuki. Binti yangu wa kwanza alikuwa akinisumbua na hesabu tangu mdogo. Alitaka uhandisi. Nikamwelekeza kwenye ukarani wa benki, mahali penye kivuli na viti vizuri, na leo ananishukuru.

Binti wa ndugu yako naye ni vilevile. Ana akili, siwezi kukataa, lakini anafungua fungua vitu, na kufungua si kujua. Nimemwandikia baba yake kumshauri aende uhazili, na amekubali. Nimekuambia ili usije ukashtuka.

Rafiki yako,
Mkuu wa Shule

Bwenini
Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Baba amekubali nipelekwe uhazili. Alikuja siku ya kutembelewa, nikamwuliza kwa nini. Nilijiandaa kugombezwa, lakini hakugomba. Alisema hivi: "Shangazi yako anatushinda wote akili nyumbani. Amesoma mpaka vyeti havina pa kutundikwa. Na bado wageni wakiingia ofisini kwake wanamwuliza chai iko wapi. Sitaki na wewe uje uulizwe." Kisha akanipa machungwa akaondoka. Ni kweli wanakuuliza chai?

Kuna kingine kinanikera zaidi. Shule nzima inamsubiri Bwana Mhandisi. Wavulana wanajichana nywele kabla hata ya tarehe kutajwa. Yule anayekaa mbele yangu amesema, "Nikimaliza nitakuwa kama yeye." Walimu wanamtaja kila kipindi: Bwana Mhandisi hivi, Bwana Mhandisi vile. Na mimi nimekaa hapo nimeumeza ulimi, kwa sababu umeniambia ninyamaze.

Shangazi, wewe ni wetu, na unajigawa kwao. Kila siku usiposema, wanapata mhandisi mmoja zaidi na sisi tunapungukiwa na mmoja. Kama wewe unajificha nyuma ya Bwana, mimi nitatokea wapi?

Mwambie. Andika neno moja tu, na mtihani ubaki kama ulivyo. Afadhali niende uhazili wakijua wewe ni nani.

Bisibisi

Mjini
Tarehe 8 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenichoma. Nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Sijifichi. Nimetia sahihi kwa jina la kazi yangu, na jina hilo nimelihangaikia kuliko jina lingine lolote nililo nalo. Sitaliacha eti kwa kuwa mtu mwingine akilisikia anaona suruali. Lakini kuhusu wale wavulana umenipata. Sikuwafikiria kabisa. Nilikuwa nafikiria ninavyoburudika kumsikiliza mkuu wako akijimwaga.

Ila tega sikio. Nikimwambia leo, ataniletea barua yenye adabu tele ya kumshukuru Mama Mhandisi kwa nia yake njema. Kisha atatafuta mtu mwingine wa kutunga, na wewe utajikuta umekaa uhazili unapiga chapa barua za watu. Bado ninachotaka kutoka kwake hajanipa. Akishanipa, nitakuja mwenyewe na sura yangu hii hii, na sitavaa kofia.

Kuhusu chai, ndiyo, wanauliza. Mwambie baba yako huwa nawaelekeza. Iko mwisho wa korido, karibu na mtungi wa kuzimia moto, na kila mwenye miguu anafika.

Kuna kitu kibaya kuliko chai. Katika kila kikao mkurugenzi hunitazama akasema, "Tuandikie kumbukumbu, wewe una mwandiko mzuri." Mwandiko wangu unaujua, kuku akikanyaga wino anaandika vizuri kuliko mimi. Nimekuwa nikiandika. Wao wanajadili mfumo nilioujenga mimi, mimi nimeinamisha kichwa naandika waliyosema. Mwezi ujao kuna kikao cha kuchagua kiongozi wa mfumo mpya wa taa. Barua yako nitaingia nayo.

Baba yako nimemwandikia pia. Sikumwandikia kwa upole.

Shangazi

Idara ya Mifumo
Tarehe 9 Machi

Mkuu wa Shule,

Nashukuru kwa kunieleza waziwazi. Sijawahi kuelezwa hivyo maishani mwangu.

Mtihani uko tayari. Hauna swali linalohitaji mtu awe amewahi kugusa mashine. Ni maswali ya kufikiri kwa mpangilio: njia panda yenye magari ya wagonjwa, foleni ya bomba la maji, na maagizo ya mtu mwingine yenye kosa ndani yake, mtahiniwa alitafute. Nitautuma ukinikubalia haya.

Wanafunzi wote wa kidato cha pili waufanye. Unasema matokeo unayajua tayari, basi hupotezi kitu. Kila karatasi iwe na namba tu, bila jina. Karatasi zote ziletwe kwangu, nizisahihishe mimi, na ishirini wa kwanza waingie, wawe ni akina nani. Matokeo nitayasoma mwenyewe siku ya uzinduzi. Nataka ahadi yako kwa maandishi.

Kuhusu mwalimu wa ushonaji, mfikishie salamu zangu. Mwambie asinisubiri.

Mhandisi

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Tarehe 17 Machi

Ndugu yangu Bwana Mhandisi,

Una msimamo wewe. Walimu wangu wamenung'unika, nikawaambia mtaalamu ndivyo alivyotaka, na mwanamume akishasema amesema. Ninaahidi, na hii ndiyo ahadi yangu kwa maandishi: wote watafanya, namba tupu, ishirini wa kwanza wataingia. Nadhani ni vizuri pia. Wasichana wakiona wenyewe kwamba hawakuweza, hawatanung'unika tena.

Tarehe kumi Aprili mwalimu wa zamu atakusubiri kituo cha mabasi akiwa na bango lenye maneno KARIBU BWANA MHANDISI. Hutamkosa.

Rafiki yako,
Mkuu wa Shule

Mjini
Tarehe 4 Aprili

Bisibisi,

Karatasi zimefika na nimezimaliza. Moja niliijua kabla sijasoma namba yake. Hiyo "g" yako yenye mkia unaoangukia mstari wa chini naijua tangu ulipoanza kuandika. Sikuisahihisha. Nimempa mwenzangu wa meza ya jirani, mtu asiyekujua wewe wala asiyejua kwa nini nampa, na alichoandika yeye ndicho kilichobaki.

Usiniulize umepata ngapi. Nakuja tarehe kumi. Chana nywele na wewe.

Shangazi

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Tarehe 14 Aprili

Mhandisi,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi na bado sijui mbele ya cheo chako niweke neno gani. Nimeacha wazi.

Nianze na hasira yangu, maana ninayo. Umenivua nguo mbele ya walimu wangu. Mwalimu wa zamu alirudi na gari tupu akaniambia mgeni hakuja, ameshuka mama mmoja tu na mkoba. Mlinzi amekiri kwamba alikuambia siku ya wazazi bado. Umetembea kutoka kituoni kwa miguu, ukaingia ukumbini kwangu na vumbi lako, ukapanda jukwaani, ukasema, "Mimi ndiye mhandisi mliyemwita." Nilicheka. Nilidhani ni mzazi mwenye utani. Wanafunzi wote waliniona nikicheka peke yangu.

Usiku wa siku ile nilitoa barua zako zote nikazirudia, nikitafuta mahali uliponidanganya. Nilitaka sana nipapate. Hakuna. Hukuandika popote kwamba wewe ni mwanamume. Bwana ni langu, rafiki ni langu, "sisi wanaume" ni langu. Uliandika kwamba hujaoa, na neno hilo nimelitazama kwa muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa lugha, Mhandisi. Nimewafundisha watoto miaka yote tofauti ya kuoa na kuolewa, na wewe ukaniandikia kweli tupu nikaisoma kwa jicho langu. Mwalimu wa ushonaji hajaacha kucheka mpaka leo.

Uliposoma zile namba ishirini na wenye namba wakaanza kusimama mmoja mmoja, nilihesabu wasichana saba. Nilitegemea sifuri. Sikupiga makofi, na najua uliniona. Niliyokuandikia yote niliyaamini nilipoyaandika. Siwezi kusema yamekwisha kwa siku moja, lakini yanapwaya.

Ahadi ni ahadi, saba wameingia. Binti wa ndugu yako alishika nafasi ya ishirini na moja, kwa hiyo ataenda uhazili kama ilivyopangwa. Nakiri nilishangaa. Kalamu ilikuwa mkononi mwako, na hukumsogeza.

Mkuu wa Shule

Bwenini
Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ulijua. Ulinikumbatia pale getini, ukaniambia nimependeza, na ulikuwa unajua.

Nilikasirika mpaka sikutaka chakula. Nilisema moyoni, angenipa alama mbili tu, nani angejua? Namba moja tu, Shangazi. Wasichana saba walipokuwa wanasimama nilikuwa nawashangilia huku nasubiri namba yangu, ukakunja karatasi ukaiweka kwenye mkoba.

Sasa kuna wavulana wawili waliokosa, walikuja nje ya bweni letu, wakasema kwa sauti chini ya dirisha ili tusikie: wasichana wameingia kwa sababu mwanamke ndiye aliyesahihisha. Hapo ndipo nilipokuelewa. Nikafungua dirisha nikawauliza, "Mimi je? Mimi ni mtoto wa kaka yake. Mbona niko nje na nyinyi?" Wakaondoka. Alama zile mbili ungenipa ningewajibu nini?

Basi nimesamehe, nusu. Nusu nyingine nitakupa likizo.

Lakini uhazili siendi. Nilisoma tena ahadi ya Mkuu uliyonionyesha. Imeandikwa ishirini wa kwanza wataingia. Haikuandikwa kwamba wengine watatoka. Na viti ni ishirini, ndiyo, lakini sijaomba kiti. Jumatatu kipindi cha kompyuta kilipoanza niliingia na daftari langu, nikasimama nyuma, ukutani, kwenye alama za zamani za mipira. Mwalimu mpya wa kompyuta akasema, "Nafasi zimejaa." Nikasema, "Za kukaa." Akasema nitoke. Nikamwambia naomba anionyeshe sheria inayokataza mwanafunzi kusimama, maana sisi huadhibiwa kwa kusimamishwa kila siku. Darasa likacheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Ninaandikia kwenye kiganja cha mkono, daftari nimelilaza hapo. Mwandiko umekuwa kama wako.

Bisibisi

Mjini
Tarehe 27 Aprili

Bisibisi mwanangu,

Nilijua, na safari yote ya basi lile nilikuwa nakufikiria wewe. Mara mbili niliitoa karatasi yako kwenye mkoba nikatafuta alama za kuongeza. Zilikuwepo, mwenzangu ni mchoyo. Nikairudisha. Nimelia kituoni wakati wa kurudi, mbele za watu, na sikujali.

Na mimi nina habari. Kikao kilifika. Mkurugenzi akanitazama akasema, "Tuandikie kumbukumbu." Nikaweka kalamu mezani, nikaisukuma mpaka katikati ya meza, nikasema leo nimekuja kuzungumza. Kalamu ikabaki pale. Hakuna aliyeichukua. Wakazungumza saa nzima, na mwisho wakaanza kubishana walikubaliana nini, maana hakuna aliyeandika. Nikawakumbusha mimi, kwa kinywa.

Uongozi wa mfumo mpya hawakunipa. Wamempa kijana niliyemfundisha kazi, na mimi nimepewa barua ya onyo kwa kukosa ushirikiano. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, mahali wageni wanaouliza chai wataisoma vizuri. Kesho kutwa kuna kikao kingine, na kalamu sitaishika.

Usitoke humo darasani. Wakikutoa, rudi.

Shangazi

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Tarehe 19 Mei

Mhandisi,

Naomba ushauri, na sasa naomba nikijua namwomba nani.

Binti wa ndugu yako bado anasimama. Nilimwita baba yake aje amkalishe au amwondoe. Alikuja, akasimama nje ya dirisha la darasa akimtazama mtoto wake anavyoandika amelaza daftari kwenye mkono. Kisha akaniuliza kama nina kiti cha ziada. Nikasema sina. Akasema, "Basi mwache asimame," akavaa kofia yake akaenda zake.

Baada ya hapo wakaongezeka. Waliokuwa uhazili wanaingia mmoja mmoja na kusimama ukutani, na juzi nimeona wamo hata wale wavulana wawili waliokuwa wakisema maneno. Mwalimu analalamika darasa limejaa. Nimewaambia ofisini watafute benchi. Binti wa ndugu yako akanijia akasema wanashukuru, lakini benchi moja watakaa watano na walio nje wataona pamejaa tena, wakati ukuta bado una nafasi. Nimeondoa kufuli moja mlangoni, hilo ndilo nililoweza.

Wiki iliyopita nilikuwa jijini. Pale njia panda ya hospitali taa ikawa nyekundu, nikasimama. Nimesimama pale kwa amri yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na siku zote hizo nilitii bila kuuliza aliyeniamuru ni nani.

Nikafika nyumbani nikampigia simu binti yangu, yule wa benki. Nilikuandikia kwamba ananishukuru. Nikamwuliza, mwanangu, ni kweli unanishukuru? Sikusikia kilio wala lawama. Alisema, "Baba, hilo darasa lenu lina umri wa kuingia?"

Nilimwambia nitauliza. Naomba uniambie nimjibu nini.

Mkuu wa Shule

Idara ya Mifumo
Tarehe 23 Mei

Mkuu wa Shule,

Mwambie halina. Na kama viti vimekwisha, aje asimame.

Mhandisi